Fundi Aliyeokoka kwa Bahati Mbaya

Fundi wa spika alikuwa mtu mnyofu, na matatizo yake yote yalianzia hapo.

Ukimpelekea redio iliyokufa, alikwambia imekufa. Hakukwambia "iache kwanza niiangalie" halafu akuzungushe mpaka usahau uliipeleka lini, kama wanavyofanya mafundi wengine ambao sote tunawajua. Skrubu zikibaki baada ya kazi, alizifunga kwenye kipande cha gazeti akakurudishia. Hakunywa, hakuvuta, hakuwa na nyumba ndogo. Hata majirani ambao kazi yao ni kumchimba mtu mpaka apatikane na jambo walikuwa wamenyoosha mikono. Kwa hiyo alipoulizwa habari za kuokoka, na aliulizwa sana kwa sababu mkewe alikuwa mlokole wa kutajika, alijibu bila hasira wala dharau:

"Niokolewe kutoka wapi? Mimi sijazama."

Wokovu aliuona kama gereji. Ni mahali pazuri, pana kazi, panasaidia watu, ila mwenye gari zima anapita tu akipiga honi ya salamu. Mchinja nyama wa mtaani aliokoka, na hilo lilieleweka, maana kabla ya hapo alikuwa akimpiga mkewe na kuchezea mizani. Fundi alimpongeza kwa moyo mweupe na akamtengenezea redio yake. Lakini yeye?

Mkewe, mshonaji wa nguo na mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, hakubishana naye. Alikuwa ameshabishana miaka ya mwanzo, akachoka, akahamia kwenye maombi. Alianza kumwombea mumewe wakati binti yao bado anatambaa, na sasa binti huyo ana nyumba yake na mume wake wa kumwombea. Kila Alhamisi mama yule alifunga kwa ajili ya mumewe. Fundi alilijua hilo vizuri, kwa sababu Alhamisi alikula peke yake, na alikula sana.

Kanisani alikwenda kila Jumapili. Vyombo vya pale alivifunga mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa. Alikaa nyuma kabisa, kwenye mashine ya kuchanganyia sauti, na mahubiri yote aliyasikia, ila aliyasikia kifundi: hapa besi imezidi, hapa mchungaji ameila maiki. Mchungaji aliposhusha sauti na kuanza kuwaita wenye dhambi waje mbele, Fundi ndiye aliyepandisha sauti ya kinanda kidogo, taratibu, ili watu waguswe. Wengi waliguswa. Yeye mwenyewe alikuwa anaangalia taa za mashine.

Sasa, kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake wakati wa wito. Mchungaji husema kila kichwa kiinamishwe na kila jicho lifumbwe, ili anayetaka kuja asione haya. Makanisa mengine pia husema hivyo, na watu huchungulia kwenye vidole. Pale hakuna aliyechungulia. Wahudumu wa mlangoni walifumba, mpiga kinanda alifumba, mchungaji mwenyewe alifumba, na mtoto aliyejaribu kufungua jicho moja alifinywa na aliyekaa karibu naye, awe ni mama yake au si mama yake. Kwa hiyo Jumapili ile, spika ya mbele upande wa kushoto ilipoanza kuvuma katikati ya wito, kulikuwa na mtu mmoja tu kwenye jengo zima aliyekuwa na macho.

Fundi alivumilia kidogo. Mvumo ukazidi, ukawa unamfunika mchungaji. Akavua vifaa vya masikioni, akatia bisibisi mfukoni, akashuka kwenye njia ya katikati akinyata kwa adabu. Waya wa spika ile ulipita chini ya ngazi ya madhabahu, na plagi yake ilikuwa ndani, mbali kidogo. Akapiga magoti. Mkono haukufika. Akainama mpaka paji la uso likagusa zulia, akanyoosha mkono, akaipata plagi, akaisukuma. Mvumo ukakata. Kanisa likawa kimya kabisa, na katika ukimya ule mkono ukamshukia kichwani.

Ulikuwa mkono wa mchungaji, ambaye aliwapata watu wake kwa kupapasa.

"Yupo mmoja!" mchungaji akasema. "Yupo mmoja amekuja!" Macho yakafunguka, na watu wote wakamwona Fundi wa spika amelala kifudifudi mbele ya madhabahu.

Mchungaji akapiga magoti kando yake, akamwekea maiki mdomoni. "Sema nami, ndugu yangu. Bwana Yesu."

Ieleweke hivi: fundi aliyetoka kutengeneza spika akipewa maiki, ana jambo moja tu la kufanya. Anasema ndani yake na anasikiliza. "Bwana Yesu," akasema Fundi, na sauti ikatoka safi kama maji. "Mimi ni mwenye dhambi," akasema mchungaji. "Mimi ni mwenye dhambi," akasema Fundi, akageuza sikio kwenye spika ya kulia, nayo ikawa sawa. Maneno yakaendelea hivyo, moja baada ya jingine, na akili yake iliporudi kutoka kwenye spika ilikuta mdomo umeshafika kwenye amina.

Akageuka ili awaeleze. Ndipo alipomwona mkewe. Alikuwa ametoka kwenye mstari wa kwaya, yuko chini na joho lake limemzunguka, analia kwa kelele. Kwenye msiba wa baba yake hakulia vile. "Asante," alikuwa anasema. "Asante, asante, asante."

"Ule waya..." Fundi akasema. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba na maiki zote zilikuwa zinafanya kazi.

Alipanga kumwambia mkewe Jumatatu. Jumatatu asubuhi mkewe aliamka akiimba, akampigia pasi hadi soksi, akamwangalia akila kama mtu anayemwangalia mgeni aliyetoka safari ndefu. Utamwambiaje mtu wa namna hiyo habari za plagi? Fundi akaona afadhali Jumanne. Jumanne mama mkwe akapiga simu. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote alimwita "huyo fundi wako", na akija kutembea husalimia kwanza kuku wa jirani. "Mwanangu," alisema kwenye simu, na sauti yake ikakatika. Fundi akamshukuru. Jumatano hakupanga kitu.

Alhamisi mkewe alikaa mezani naye, akapakua.

"Leo hufungi?" Fundi akauliza.

"Nifunge kwa ajili ya nini, baba? Umeshaingia. Sasa namwombea kaka yangu, nimempangia Jumamosi." Akasukuma sahani. "Tuombee chakula."

Fundi akafumba macho. Hakuwahi kuomba, ila aliwahi kujaribu simu nyingi za wateja. "Haloo," akasema. Akakohoa. "Asante kwa chakula. Mambo mengine tutaongea."

"Amina," mkewe akasema, na akafuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Wiki zikapita kwa mtindo huo. Pale kwenye kibanda chake cha kazi, mlango ukawa haukauki watu. Mchinja nyama alikuja kumkumbatia Fundi akiwa bado ameshika chuma chake cha kulehemu chenye moto, na nusura waungue wote wawili. Mteja aliyekuwa ameiangusha amplifaya yake mwenyewe aliirudisha akidai iliharibikia mikononi mwa Fundi, na Fundi alipoanza kumpa ukweli wake, jamaa akainua kidole: "Ndugu, kumbuka umeokoka." Watu walimuuliza anajisikiaje. Alisema vizuri. Walimuuliza kama amani imeingia. Alisema ipo ipo. Usiku mmoja, ubavuni mwa mkewe aliyelala usingizi wa mtu asiye na deni, alilifikiria jambo lile akaona lilivyo: kabla ya kuokoka hakuwa anasema uongo, na tangu aokoke hakuwa anafanya kitu kingine.

Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Mtu aliyeishi maisha yake yote akijua kwamba yuko safi, akijikuta ana doa, hana hata mazoea ya kulibeba. Wenzake walevi na wazinzi walau walikuwa wamezoea.

Akaenda ofisini kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye kusikiliza watu huku ameegemeza kidevu kwenye mkono, na feni yake ya mezani ilikuwa inagonga. Fundi alijizuia asiiangalie.

"Mchungaji, mimi sijaokoka. Nilikuja mbele kukaza waya."

Mchungaji akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nakusubiri," akasema. "Wote huja. Wiki ya tatu, ya nne, Shetani anamwambia mtu, wewe hukuokoka, ulifuata mkumbo tu. Kwako ameleta waya kwa sababu anajua kazi yako. Yule wa buchani alimletea mizani."

"Mchungaji, plagi ilikuwa imechomoka kweli."

"Naamini," akasema mchungaji kwa upole, na akamwombea kwa muda mrefu kuhusu mashaka. Kisha akamkumbusha kwamba Jumapili ya ubatizo inakaribia, na kila anayebatizwa hutoa ushuhuda wake kwanza, kwa kinywa chake, mbele ya watu wote.

Fundi alitoka pale amepata dawa. Mbele ya watu wote, kwa kinywa chake, na maiki nzima: hakuna atakayesema hakusikia. Angesema kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, na mkewe angekuwepo. Angeumia, ndiyo, lakini lingekwisha. Hakufikiria kumwambia mkewe peke yake kwanza, nyumbani, wakiwa wameketi. Hilo lilikuwa gumu, na Fundi, pamoja na unyofu wake wote, alikuwa mwoga kama sisi wengine.

Jumapili ilipofika walimvalisha joho jeupe lililomfika kwenye magoti tu, kwa sababu alikuwa mrefu. Kisima cha ubatizo kilikuwa kimejazwa tangu asubuhi. Akapanda jukwaani, akaipokea maiki, akaigonga kidogo kwa mazoea.

"Bwana asifiwe," alisema, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoanza.

"Amina!"

"Ndugu zangu, siku ile mimi sikuja kuokoka. Nilikuja kukaza waya."

"Amina!" wakasema, wakikaa vizuri.

"Spika ya kushoto ilikuwa inavuma."

"Inavuma!" akaitikia mzee mmoja mbele.

"Plagi ilikuwa imechomoka."

"Imechomoka, Baba!" Mama mmoja alishainua mikono juu, machozi yanamtoka.

"Nilipiga magoti kwa sababu plagi iko chini."

"Iko chini!"

"Nikairudisha mahali pake, basi. Hapakuwa na kingine."

Kanisa zima likasimama. Fundi akapaza sauti. "Nawaambia plagi ya kawaida," akasema. "Ya umeme." Lakini mpiga kinanda alikuwa ameshaanza, na mchungaji amesogea, uso unamng'aa, akaichukua maiki.

"Mmesikia?" akauliza mchungaji. "Alikuja kutengeneza, akatengenezwa! Ni wangapi hapa leo plagi zimechomoka?"

Watu wawili wakaja mbele wakilia. Hawa, kwa kadiri inavyojulikana, waliokoka kweli, maana hadi leo wamo, na mmoja wao ni mhudumu wa mlangoni.

Kati ya watu wote mle ndani, ni mmoja tu ambaye hakupiga makofi. Mkewe alikuwa kwenye mstari wa pili wa kwaya, amesimama, mikono imemlegea. Alikuwa ameishi na mtu huyu muda mrefu sana. Alijua kwamba hana mafumbo, kwamba akisema waya anamaanisha waya. Alimtazama mumewe, mumewe akamtazama, na hapo hakuhitaji maelezo zaidi. Akainama, akachukua mkoba wake chini ya kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni akiwa na joho la kwaya.

"Twende majini, ndugu," akasema mchungaji.

"Mimi siingii," akasema Fundi. Akavua joho jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti cha mchungaji, naye akatoka kumfuata mkewe.

Alimkuta jikoni. Alikuwa amekunja mikono ya joho mpaka kwenye viwiko, bomba liko wazi, anasugua sufuria zilizokuwa safi. Fundi akasimama mlangoni. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri.

"Nilitaka kukwambia Jumatatu," akasema.

"Jumatatu gani? Zimepita nyingi."

"Watu walikuwa wamefumba macho. Mtu yeyote angedhani..."

"Mimi nilikuwa nimeyafumbua." Hakugeuka. "Nililala chini pale ukinitazama. Ulinitazama nikigaagaa kama mtoto, ukanyamaza. Siku zote hizi unakaa mezani unafumba macho yako unaongea na sahani, na mimi nasema amina."

"Sikutaka uumie."

"Nilimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukifanya." Akaweka sufuria moja, akachukua nyingine. "Nimemshukuru kila asubuhi. Na unajua lingine? Niliacha kukuombea. Miaka yote ile sikuwahi kuacha, nikiwa mgonjwa, nikiwa msibani, nikiwa nimekukasirikia. Halafu wewe ukanidanganya, nikaacha. Wiki zote hizi umekuwa peke yako kabisa, baba, hakuna mtu anayekutaja, na mimi nalala usingizi nikidhani uko salama."

Fundi hakuwahi kuyathamini maombi yale. Aliyachukulia kama ushonaji wa mkewe, shughuli yake ya kike, haimdhuru mtu. Lakini aliposikia kwamba yalikuwa yamesimama, aliogopa. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Maneno yake mazuri yote yaliisha, na chini yake hakukuwa na kitu isipokuwa jambo lenyewe: mwanamke huyu alimpenda, na yeye alimfanyia ubaya, kwa kujua, siku baada ya siku, na aliendelea kwa sababu ilikuwa rahisi. Hilo halikuwa la mchinja nyama. Lilikuwa lake.

"Nisamehe," akasema.

Neno hilo halikuwa limewahi kutoka kinywani mwake ndani ya nyumba ile. Alishasema pole, alishasema haya basi, alishasema yaishe. Mkewe akaacha kusugua. Maji yakaendelea kumwagika kwenye sufuria, yakajaa, yakafurika, na yeye yuko vilevile, amempa mgongo. Fundi akangoja. Hakukuwa na pa kushika. Angeweza kukataa, na angekuwa na haki.

"Nimekusamehe," mkewe akasema.

"Nitarekebisha," Fundi akasema upesi. "Nitakwenda kwa mchungaji tena. Nitamwambia mama mkwe, nitazunguka kwa mtu mmoja mmoja. Hilo bomba linalovuja siku zote nitalitengeneza leo leo. Na Alhamisi nitafunga mimi, wewe ule, nita..."

"Nyamaza."

Akanyamaza.

"Nimesema nimekusamehe. Hakuna cha kuongeza."

Alikuwa bado amempa mgongo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Haikuwa imekwisha kumuuma. Alikuwa amemsamehe huku inamuuma, bila kungoja bomba litengenezwe. Fundi alitazama mikono yake magotini. Ilikuwa mikono hodari, na maisha yake yote haikuwahi kupewa kitu ambacho haikukifanyia kazi. Akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa kelele, bila ufundi wowote, kamasi zikimtoka, na hakukuwa na kinanda.

Alipoweza kusema, aliinua uso kidogo, akafumba macho.

"Na wewe nisamehe," akasema.

Mkewe akashusha pumzi. "Si nimeshakwambia nimekusamehe?"

"Sisemi na wewe, mama."

Mkewe akafunga bomba.